Mali Kauli

Swali lake la kwanza lilikuwa kama mvua inanyesha.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Machi 2021, kama saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Fuso, Namanga upande wa Tanzania, namwangalia utingo anavyokaza kamba za turubai. Ndani mlikuwa na magunia 100 ya mahindi kutoka Kiteto. Jana yake Kenya ilikuwa imetangaza kwamba haipokei tena mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa sababu vipimo vimeonyesha sumukuvu iliyopita kiwango. Habari niliipata kwa dereva, dereva kaipata kwa dereva mwenzake, na kulipopambazuka kila mtu kwenye foleni alikuwa na yake. Mmoja alisema zuio ni la siku tatu. Mwingine akaapa ni mpaka wamalize uchaguzi wao wa mwakani.

Mteja wangu alikuwa Kitengela, ananisubiri na mzigo. Nusu ya bei alishanitumia kwa simu, na hiyo fedha haikuwepo tena: nyingine ilibaki kwa wakulima, nyingine kwa mwenye gari, nyingine imechomwa dizeli. Simu ilipoita nikaona jina lake nikajua tunaanzia kwenye fedha. Mimi ningeanzia hapo.

"Ndugu yangu," akasema, "huko kunanyesha?"

Nikamwambia bado, ila kuna mawingu upande wa mlima Longido.

"Basi fungua hiyo turubai sasa hivi, jua likiwa bado dogo. Usiache hiyo mahindi ifunikwe mpaka mchana."

Mtu wa mahindi ataelewa. Mzigo uliofunikwa turubai juani hutoa jasho. Joto likipanda unyevu hupanda nao mpaka magunia ya juu, usiku ukipoa unarudi kuwa maji, na baada ya siku nne tano ukitia mkono kwenye gunia unatoka na harufu ya shimo. Kuvu hapo ameshapata nyumba. Tulizuiwa kwa ajili ya kuvu, na kule kukaa kwenye foleni ndiko kungetuletea kuvu. Yeye aliliona hilo akiwa Kitengela, kabla sijaliona mimi niliyekuwa nimeegemea tairi.

Kwa asiyejua biashara hii, mali kauli ni hivi: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Hakuna karatasi, na shahidi ni yule aliyekuwa amekaa pembeni anakunywa chai. Magunia 40 katika yale 100 niliyachukua hivyo kwa wakulima watatu. Yeye naye alinitumia nusu ya bei hajaona hata punje. Na wenye mashine za kusaga huko Athi River alikwisha kuwaahidi. Ukiufuata mlolongo mzima tangu shambani Kiteto mpaka unga wa ugali Nairobi, unakuta umeshikwa na maneno ya watu sita saba ambao hawajawahi kukaa meza moja. Benki hawawezi kukukopesha kwa utaratibu huo. Sisi tuliufanya tangu 2012 na hatukuwahi kudhulumiana shilingi, iwe yao au yetu.

Ingawa tulikutana kwa ugomvi. Gunia la Kenya ni la kilo 90, letu ni la kilo 100, na ukiongeza lumbesa juu yake Mungu ndiye anajua. Yeye alihesabu magunia, mimi nikahesabu kilo, kila mmoja akamwona mwenzake mwizi. Dalali akatuacha tubishane mpaka tuchoke. Kisha yeye, mama aliyenizidi umri kama miaka minane hivi, akafungua pochi yake akatoa bambo, kile chuma cha kuchotea punje ndani ya gunia. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamke anatembea na bambo kwenye pochi, pamoja na vitambaa na dawa ya kichwa. Akalichomeka kwenye gunia kutokea chini, siyo juu, maana mlaghai huficha mabaya chini. Akamimina punje kiganjani, akaning'atia moja karibu na sikio langu, nisikie inavyolia. Halafu akaomba chupa ya kioo na chumvi kavu, akatia punje na chumvi, akatikisa, akaiinua kwenye mwanga. Chumvi haikunata. "Hii ni mahindi," akasema, na tangu siku hiyo akaniita ndugu.

Miaka mingi sikujua kwa nini alikuwa mkali vile. Nilidhani ni tabia ya Wakenya kutotuamini.

*

Mimi nimezaliwa Namanga hapa hapa, 1971. Mama yangu alikuwa na mdogo wake aliyeolewa ng'ambo, yaani upande wa Kenya. Kwetu ng'ambo ni mwendo wa kuchemsha chai. Moshi wa jiko lake tuliuona asubuhi, na mama alikuwa akisema, "Mdogo wangu leo kachelewa kuamka." Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ile ya 1967, ilikuwa inakufa: shirika la ndege limegawanyika, reli, bandari, posta, kila mtu anavuta chake. Nilikuwa na miaka sita na hayo yote niliyajua baadaye. Nilichojua wakati ule ni kwamba moshi wa mama mdogo tunauona na chai yake hatunywi.

Ulifungwa mpaka Novemba 1983. Hesabu mwenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza anamaliza la saba.

Shuleni tulifundishwa kwamba ng'ambo kuna manyang'au, watu wanaokula watu kwa fedha. Upande wa pili nasi tulisemwa kuwa ni watu wasio na cha kula, na kwa kweli hapo hawakukosea sana, maana miaka ya mwanzo ya themanini dukani kwetu palikuwa na rafu na mwenye duka tu. Nilijaribu kumfikiria mama mdogo akiwa nyang'au nikashindwa. Lakini neno nililijua, na nilipogombana na watoto wa ng'ambo malishoni nililitumia. Lilitoka vizuri mdomoni.

Watoto tulivuka kwa sababu ya mbuzi, na mbuzi hana pasi. Mama mdogo alikuwa anatuwekea kipande cha sabuni ya kuogea ndani ya kibuyu cha maziwa, wakati mwingine kopo la Kimbo, mafuta ya kupikia. Mama aliikata sabuni kwa uzi, vipande vinne, kila kimoja cha mwezi. Ikaja 1983, Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Wakubwa walikamatwa na maghala yao, na wadogo wakahofia vijikopo vyao. Mama alichimba shimo nyuma ya zizi, akafukia sabuni na Kimbo ndani ya debe. Baada ya kama miezi miwili akafukua. Kimbo ilikuwa imeliwa na sisimizi. Sabuni ilikuwa nzima, lakini akatukataza kuogea asubuhi. Sabuni ya Kenya ilikuwa inanukia. Ukipita njiani mtu anajua umetoka wapi. Kwa hiyo tulioga usiku, tukalala tunanukia, na asubuhi mama anatupaka majivu kidogo shingoni kabla ya kwenda shule.

Mimi ni mtu mzima sasa na nimesoma kidogo habari za Jumuiya ile: jinsi mali zake zilivyogawanywa kwa usuluhishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, mapatano yakatiwa saini Arusha Mei 1984; jinsi wastaafu wake kwetu walivyodai mafao yao miaka na miaka mpaka wakaenda kukaa barabarani Dar es Salaam. Yote yana uzito. Lakini mtu akitaja kuvunjika kwa Jumuiya, pua yangu ndiyo inayokumbuka kwanza.

*

Jumuiya mpya ilipokuja, mkataba wake ukatiwa saini Novemba 1999 na makao makuu yakawekwa Arusha, tulifurahi kwa tahadhari. Umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010. Desemba 2018 marais wawili, Magufuli na Uhuru Kenyatta, walikuja hapa Namanga kufungua kituo cha pamoja, ili mtu agongewe mihuri yote miwili ndani ya jengo moja, meza na meza. Nilikuwepo kwenye umati. Jua lilikuwa kali, na tulipiga makofi kwa dhati.

Lakini nimeruka mwaka, na huo mwaka ndio wenye jambo langu.

Oktoba 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikamatwa wakilishwa upande wetu, wakapigwa mnada. Mwisho wa mwezi huo huo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto hapa Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Sheria ilikuwepo, na ugonjwa wa mifugo si mchezo; mimi sina ubishi na daktari wa mifugo. Ila picha zilienda kwenye kila simu, Nairobi na Arusha, na watu hawakuona mafua. Waliona vifaranga.

Jioni moja ya siku zile nilikuwa Arusha, mahali pa nyama choma, na meza ya jirani walikuwa wanashangilia. Safari hii wamekoma, walisema. Wametuzoea sana. Mwenzao mmoja akaigiza Mkenya anavyolia kwa Kiswahili chake, na aliigiza vizuri. Nikacheka. Ningependa kuandika kwamba niliinuka nikaondoka, au kwamba nilicheka moyo ukiniuma. Nilicheka kwa raha kabisa. Nilikuwa na mtu Kitengela ambaye wiki hiyo ana shilingi milioni tatu zangu kwa kauli tu, na nilicheka mpaka nikafuta macho.

Watu hupenda kusema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Mpaka ukitikisika tu, utalisikia neno hilo kwenye redio, kwenye mimbari, kwa mkuu wa wilaya. Mimi sijawahi kulipenda likitumika kwetu. Nyasi hazichekei vita. Sisi huku chini tuna upande wetu, tuna kumbukumbu zetu za kudharauliwa, na serikali zikianza kusukumana, kuna sehemu ndani yetu inayosema afadhali.

Yeye alinilipa siku ile ile aliyoahidi, hakupunguza senti. Ila alipopiga simu kunijulisha alisema, "Habari ya asubuhi, bwana. Nimetuma zile pesa. Asante." Kiswahili cha ofisini. Hakuniita ndugu kwa muda wa mwezi mzima hivi. Na tulipozungumza bei ya mzigo uliofuata alisema, "Nyinyi mmetufanyia vibaya." Nyinyi. Miaka mitano nilikuwa wewe, na ghafla nikawa milioni hamsini na kitu. Nikajibu kwa ujinga: "Na nyinyi mmezidi." Tukanyamaza wote wawili, tukarudi kwenye bei ya debe.

Nadhani hilo ndilo linalotokea kwanza, kabla lori halijasimama. Mtu anahamishwa kutoka wewe kwenda nyinyi. Hukasiriki sana. Unaona haya, na hujui unaona haya kwa niaba ya nani.

Mwaka 2020 mwezi wa tano yalikuja ya korona na madereva. Kenya ilifunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, madereva wanapimwa, wakikutwa nao wanarudishwa. Kwetu nako wakubwa wa mikoa wakaja juu. Foleni ilikuwa ya kutembea kwa miguu mpaka uchoke. Sitayaeleza sana. Nakumbuka tu dereva wa Mombasa akisonga ugali kando ya tairi lake, na kijana wa kwetu aliyempelekea maji akayaweka chini mita tano, akarudi nyuma ili yule aje kuyachukua. Kama unamlisha simba.

*

Sasa nirudi kwenye turubai.

Tuliifungua. Tukaishusha na safu ya juu ya magunia, tukayapanga juu ya mbao kando ya barabara, nikalala hapo siku tatu. Foleni nzima ilikuwa na jibu moja: wanalipa kisasi cha vifaranga. Kila mtu alilisema hilo kama anayetaja siku ya wiki. Nami ningelisema kwa sauti kuliko wote kama nisingetoka Kiteto na ule mzigo.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiteto ni Manyara. Nazifahamu nyumba za huko, nimekula kwenye nyumba hizo. Mtu anaanza kuumwa tumbo, macho yanakuwa ya manjano, watoto ndio wanaokwenda haraka. Sumu yenyewe huioni wala huionji. Unga wake ni mweupe kama unga mwingine. Kiwango kinachoruhusiwa ni sehemu 10 katika bilioni, na nchi za Jumuiya ndizo zilizokubaliana hivyo zenyewe, siyo Kenya peke yake. Kwa hiyo sikuweza kusema wanatusingizia. Nililoweza kusema ni kwamba taarifa ya Ijumaa inayoanza kazi Ijumaa hiyo hiyo, kwa watu ambao mizigo yao iko barabarani, haiwezi kusikika kama taarifa ya afya. Inasikika kama kofi. Kweli ikiletwa na mtu mliyekwisha kugombana naye, unaanza na uso wake.

Usiku wa pili alipiga tena. Nikamwambia jambo nililoona haya kulisema mchana: kwamba huenda wana haki. Kwamba mimi mwenyewe huwa nachagua wakulima, lakini dalali akipungukiwa gunia kumi anajazia popote.

Alikaa kimya. Kisha akaniambia kwao ni Makueni. Mwaka 2004, Ukambani na maeneo ya jirani, watu 125 walikufa kwa mahindi. Mahindi yao wenyewe, ya mavuno yao, yaliyovunwa wakati wa mvua yakawekwa ndani mabichi. Jirani yao alizika watoto wawili wiki moja. "Kwani ulidhani bambo ni ya nini?" akaniuliza.

Miaka tisa nilikuwa nimedhani ni ya kunidhibiti mimi.

Tarehe 10 Machi Kenya ikalegeza: mahindi yanaweza kupita, mwenye mzigo awe amesajiliwa, awe na cheti cha vipimo vya sumukuvu na cheti cha mahali yalikotoka. Kwenye karatasi ni jambo jema, na bado naliunga mkono. Kwenye Fuso ya magunia 100 ni jambo jingine, kwa sababu kupima kunataka siku na fedha, na karatasi haijali kama una magunia mia au elfu tatu. Wenye semitrela walijipanga. Sisi wadogo tulitazamana. Afisa mmoja ndani ya jengo lile la pamoja, kijana mstaarabu, aliniambia, "Mzee, mimi kwa upande wangu sina tatizo na wewe, tatizo ni meza ya pili." Nikaenda meza ya pili. Wa meza ya pili naye akaniambia hana tatizo na mimi. Walikuwa wamekaa hatua nne, wanaazimana kalamu.

Siku ya saba niligeuza gari. Mahindi niliyauza Arusha, soko la Kilombero, mengine kwa mtu anayetengeneza chakula cha kuku, kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu hajaambiwa. Tarehe 17 mwezi huo Rais Magufuli akafariki. Nchi ikanyamaza. Siku ya pili asubuhi ujumbe wa kwanza kwenye simu yangu ulitoka Kitengela, neno moja na nukta: "Poleni." Nikalisoma mara nyingi. Nilikuwa bado na deni lake lote, sijamlipa hata shilingi. Na lile poleni lilikuwa la wingi, la nyinyi wote, lakini halikuwa nyinyi ya 2017.

Mei 5 Rais Samia alihutubia Bunge la Kenya mjini Nairobi. Tuliangalia kwenye televisheni ya hoteli moja hapa Namanga, Wakenya na Watanzania, watu wamesimama mpaka mlangoni. Rais Kenyatta naye aliagiza mahindi yaliyokwama mpakani yashughulikiwe. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja karibu yangu, mtu wa mahindi kama mimi, hakupiga. "Yangu yameshakuwa mayai," akasema.

*

Deni nilimlipa kwa mafungu matatu, la mwisho Desemba. Hakuwahi kulidai. Wale wakulima watatu wa Kiteto niliwalipa kwanza, na nilimwambia hivyo, naye akasema ndivyo inavyotakiwa. Nilidhani yamekwisha.

Msimu uliofuata alikuja Namanga mwenyewe kupanga mzigo. Tulikaa ndani ya jengo la pamoja kwenye viti vya kusubiria, kwa kuwa nje kulikuwa na vumbi. Akafungua ile pochi. Nikajua linatoka bambo. Ikatoka karatasi, ya mistari, imekunjwa mara nne, na kalamu.

"Tuandike," akasema.

Nilihisi damu inapanda usoni. Namba za vitambulisho, idadi ya magunia, kilo kwa gunia, unyevu usiozidi asilimia 13.5, nani anabeba hasara mpaka ukifungwa. Hicho kipengele cha mwisho alikiandika polepole, akasita kwenye neno "ukifungwa", akaendelea. Alipomaliza aliniangalia akasema, "Si wewe. Ni hawa." Akanyoosha kidole. Sikujua anaonyesha wapi, maana maofisa wa nchi zote mbili walikuwa wamekaa mle mle.

Wasomi wa biashara wataniambia tumeendelea: tumetoka kwenye maneno tukaingia kwenye mkataba. Inawezekana. Karatasi ile imetuokoa mara moja, tulipokosana kuhusu unyevu. Ninachojua ni kwamba zuio la siku tano liliondolewa kwa tangazo, na hakuna ofisi yoyote inayoweza kutoa tangazo la kurudisha kile tulichokuwa nacho kabla ya siku hizo tano. Huwezi kukiombea hata leseni.

Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15. Kuna uwakala wa fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni. Kuna kununua mazao shambani. Kelele zilipigwa Nairobi, wenye mamlaka wakakutana, kama kawaida. Nilizijua sababu za amri ile na baadhi nakubaliana nazo. Nimewaona wakulima wakinunuliwa mahindi yakiwa bado mabichi shambani kwa bei ya aibu, na wanunuzi wenyewe si wageni tu. Lakini jioni ile simu iliita, na kabla sijapokea nilijua nitaulizwa nini. Miaka yote kila mwezi wa saba alikuwa anakuja Kiteto nami, siku mbili, kuona mahindi yakiwa bado kwenye vibunzi. Alipenda kukaa na mke wa mmoja wa wale wakulima, wakipukuchua pamoja.

"Sasa mimi huko kwenu nikija nakuja kama nani?" akauliza.

Nikamwambia aje kama shemeji. Akacheka. Hakuja.

Mahindi bado namletea, mpaka Namanga, na yanapita na vyeti vyote. Kila msimu tunaandika karatasi mpya. Ile ya kwanza ninayo, nimeiweka pamoja na hati ya kiwanja. Jina langu amelikosea herufi moja, kwa kuwa kwa miaka tisa hakuwahi kuhitaji kuliandika.